Mwimbaji Akitubu, Wimbo Wake Uende Wapi?

Ramazani Mtoro Ongala, ambaye wapenzi wa dansi walimwita Dakta Remmy, alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila kwa miaka mingi, na mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu yake, Songs for the Poor Man, iliyomfikisha kwa wasikilizaji wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Huko Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa kwa jina lake mpaka leo. Mtu huyu, aliyeimba mauti, ufukara na unyonge kwa sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau, aliokoka katika miaka ya mwisho ya uhai wake, akaliacha dansi, akawa mwimbaji wa injili hadi alipofariki Desemba 2010. Wapo waliomshangilia kama kondoo aliyeonekana, na wapo waliosikitika kana kwamba wamefiwa kabla ya msiba wenyewe. Swali moja lakini halikupata jibu la kutosha kwa hawa wala kwa wale: zile nyimbo za zamani zifanyweje? Upande mmoja husema ni za kidunia, mwenyewe amezikana, basi na zizikwe. Upande wa pili husema wokovu wa mtu ni jambo lake la faragha, muziki uendelee. Naona pande zote mbili zinakwepa. Wa kwanza hawakuusikiliza wimbo, na wa pili hawakuichukulia toba kwa uzito wake. Ninachotaka kukitetea ni kwamba toba ni ya mtu na haihamishiki ikawa ya wimbo. Wimbo uliokwisha kutoka kinywani una hesabu yake wenyewe, na hesabu hiyo hufanywa kwa kutazama ulichowatendea waliousikia.

Remmy hakuwa wa kwanza wala wa pekee. Cosmas Chidumule, mmoja wa waimbaji waliolijenga jina la DDC Mlimani Park, aliondoka kwenye dansi akaingia kwenye injili. Kenya, Joseph Kamaru, aliyetukuzwa kwa nyimbo zake za Kikuyu kwa miongo kadhaa, alitangaza mwaka 1993 kwamba ameokoka, akaivunja bendi yake. Pwani na Visiwani wapo waimbaji wa taarab ambao, wakirudi Hijja au umri ukisogea, huweka chini kipaza sauti wasikishike tena. Dini mbili, aina mbalimbali za muziki, lakini fadhaa ni moja. Tena fadhaa hii haiwahusu waimbaji tu. Nyimbo zao hazikuondoka nao. Zinapigwa kwenye vipindi vya zilipendwa, zinachezwa kwenye kumbi za harusi, zimehamia kwenye simu za vijana ambao hawajawahi kuiona santuri. Muumini anayezisikiliza kwa furaha ana haki ya kujua kama furaha yake imejengwa juu ya kitu ambacho aliyekitengeneza alikiombea msamaha.

Tuanze na toba yenyewe. Wanazuoni wa Kiislamu wameyataja masharti yake waziwazi: kuiacha dhambi, kujuta kwa kuitenda, kuazimia kutoirudia, na ikiwa imegusa haki ya mja, kumrudishia mwenyewe haki yake. Wakristo wana maneno yao na huweka mkazo mkubwa zaidi juu ya neema, lakini nao huanza na mtu aliyekuwa akienda upande mmoja akageuka. Katika mafundisho yote mawili, anayetubu ni mwenye nia, mwenye uwezo wa kuchagua, atakayesimama kuulizwa. Wimbo hauna nia. Hauwezi kujuta wala kuazimia. Na toba ya kweli hudai dhambi itajwe kwa jina lake. Mtu hatubu "maisha ya zamani" kwa jumla, kana kwamba kila alichokigusa kabla ya siku ile kilikuwa najisi. Chakula alichowapa watoto wake mwaka mmoja kabla ya kuokoka hakikuwa dhambi. Hutubu ulevi, uzinzi, majivuno, kuwatelekeza wa nyumbani, kupenda sifa kuliko haki. Mambo haya yalimkuta mwanamuziki kazini, usiku, ukumbini, kati ya seti ya kwanza na ya pili, kwa hiyo ni rahisi kwake kuyaona na wimbo kuwa kitu kimoja. Lakini dereva wa basi aliyekuwa mlevi akatubu, hatuambiwi kwamba safari alizowafikisha abiria salama zilikuwa dhambi. Tunamshukuru Mungu kwamba ameacha pombe, na abiria wanabaki walikofika.

Zipo tungo ambazo zenyewe ni dhambi, na sitaki kulipita hilo haraka. Wimbo uliotungwa kumkashifu mtu, kumvunjia heshima mke wa jirani, kuchochea kabila moja dhidi ya jingine, umeigusa haki ya mja. Hapo mwenye kutubu ana deni, na deni hilo halilipwi kwa kulia madhabahuni peke yake. Kuna mtu wa kumwendea na kumwomba radhi. Kwa hiyo nakubali kwamba wimbo unaweza kuwa chombo cha uovu. Ninachokataa ni wazo kwamba unakuwa hivyo kwa sababu tu mtunzi wake alibadilika baadaye, au kwa sababu hautaji jina la Mungu.

Mtazame Mbaraka Mwinshehe. Alikuwa mpiga gita na mwimbaji wa Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Hakupata uzee wa kutafakari wala jukwaa la kutolea ushuhuda. Marijani Rajab, aliyetikisa na Dar International, alifariki mwaka 1995 naye akiwa bado mwanamuziki wa dansi. Nyimbo zao ni za ukoo mmoja na zile za Remmy na Chidumule: gita lilelile, masimulizi yaleyale ya mapenzi, dhiki na usaliti, kumbi zilezile. Je, tuseme nyimbo za Mbaraka ni safi kwa kuwa hakuishi muda wa kutosha kuzikana, na za Remmy ni chafu kwa kuwa aliishi? Kama Remmy angefariki mwaka 1990, nyimbo zake zingebaki zilezile neno kwa neno, na watu walewale wangelia walipozisikia. Ikiwa hukumu ya wimbo inategemea mwenye wimbo alikufa mwezi gani, basi hatuuhukumu wimbo kabisa. Tunaisoma tarehe ya kifo.

Tukitaka kuuhukumu kwa haki, ni lazima tujue ulifanya kazi gani. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyotawala hewa ya Tanzania Bara. Redio za watu binafsi zilikuja miaka ya 1990, na televisheni ya Bara ilianza miaka hiyohiyo. Bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi; Mlimani Park ililelewa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam; jeshi, polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Nyimbo zilirekodiwa studio za redio baada ya mashairi yake kukaguliwa. Matokeo yake ni jambo ambalo wanaozungumzia muziki wa dansi kama muziki wa baa hulisahau: wimbo uleule uliochezewa ukumbini Jumamosi usiku, Jumatatu mchana ulisikika sebuleni, mbele ya bibi, mkwe, mtoto wa darasa la pili na mjomba aliyekuja kutibiwa. Redio ilikuwa moja na nyumba nzima ilisikiliza pamoja. Mtunzi alilijua hilo. Alilazimika kutunga jambo la mapenzi kwa namna ambayo baba na binti wanaweza kulisikia chumba kimoja bila mmoja wao kuinuka. Ndiyo maana tungo za miaka ile zimejaa barua, malalamiko ya adabu, nasaha za mzazi kwa mwana, mke anayeuliza kosa lake, rafiki anayemwonya rafiki. Ufundi wa fumbo, ambao washairi wa pwani waliurithishana tangu zama za Muyaka wa Mombasa na kabla yake, ulipata nyumba mpya ndani ya gita la umeme. Kwa watoto wengi wa miji ile, hapo ndipo waliposikia kwa mara ya kwanza watu wazima wakisema hadharani kwamba ndoa inaweza kuumiza, kwamba tajiri anaweza kuwa mwongo, na kwamba mauti hayachagui.

Katika nyumba hiyohiyo ilisikika pia dhuluma. Nyimbo nyingi za dansi zilimtwika mwanamke kila lawama. Akija mjini ni mhuni, akidai matunzo ana tamaa, ndoa ikivunjika ni yeye, mwanamume akifilisika ni yeye. Wasichana walikua wakiyasikia haya kwa sauti tamu na nyuzi za gita, na wakayaamini. Kama kuna kitu ndani ya tungo zenyewe kinachostahili toba, naamini ni hiki, kwa sababu kiligusa haki za waja wengi. Lakini katika ushuhuda wa kawaida wa wanamuziki waliookoka, dhambi inayotajwa ni pombe, sigara, wanawake na kucheza. Uzito wa maneno yaliyoimbwa juu ya hao wanawake ni nadra kutajwa. Naliona hili kuwa kosa zito la kiroho, maana linaonyesha kwamba tumezoea kuulaani muziki kwa mdundo wake na kuusamehe kwa uongo wake. Mhubiri anayekemea gita la dansi Jumapili anaweza kusema juu ya wanawake maneno yaleyale ambayo wimbo uliyasema, na kanisa likaitikia amina.

Atakuja msomaji wa Biblia aniulize juu ya Efeso. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19, watu waliokuwa wakifanya uganga walipoamini walikusanya vitabu vyao wakavichoma mbele ya wote, na thamani yake ilihesabiwa vipande elfu hamsini vya fedha. Si hapo vitu vilichomwa pamoja na maisha ya zamani? Ndiyo, na walifanya sawasawa. Lakini tazama walichoma nini. Walichoma vyombo vya kazi ambayo yenyewe ilikuwa kuwafunga watu kwa hofu na kujipatia mali kwa hofu hiyo. Hatusomi kwamba Waefeso walichoma mashairi yao, wala kwamba waliwakataza watoto hadithi za babu zao. Na sura mbili tu nyuma, Paulo yuleyule amesimama Athene, Areopago, akiwahubiria Wagiriki kwa kutumia maneno ya watunga mashairi wao wenyewe, watu ambao hawakumjua Kristo wala Musa. Paulo alikuwa mwongofu kuliko wengi wetu. Alihesabu mengi ya maisha yake ya awali kuwa hasara. Hata hivyo mashairi aliyoyajua hakuyakana, na aliyatumia pale yalipokuwa na ukweli. Efeso na Athene zote zimo katika kitabu kimoja, na anayeisoma moja bila nyingine amejichagulia aya.

Wengine hawatasema juu ya maneno bali juu ya mahali: wimbo wa dansi umezaliwa baa, na harufu ya baa haiutoki. Hoja hii ina nguvu zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu sauti kweli huamsha kumbukumbu ya mwili, na mtu aliyeacha pombe anaweza kuangushwa na dakika mbili za wimbo fulani. Mtu huyo auzime, na asionewe haya. Lakini hapo ndipo Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anapotusaidia. Katika Ihya Ulum al-Din aliandika kitabu kizima juu ya usikilizaji wa sauti nzuri, akaonyesha kwamba sauti moja huamsha mambo tofauti katika nyoyo tofauti, na hukumu yake hufuata hali ya msikilizaji, maneno, wakati na mahali. Hakufungua mlango wazi. Alitaja mambo yanayouharamisha usikilizaji, na wanazuoni wengine walimpinga kwa ukali. Nyuma yake ipo ile habari iliyopokewa katika Bukhari na Muslim, ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha siku ya Idi. Abu Bakar aliingia akawakemea, na Mtume akamwambia awaache, kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao. Wanazuoni wamejadili mipaka ya habari hiyo kwa karne nyingi, na sina elimu ya kuwahukumu. Lakini nyumba ile ilikuwa ya Mtume, siku ilikuwa ya furaha ya familia, na nyimbo zenyewe, kwa mujibu wa riwaya, zilisimulia vita vya kale vya watu wa Madina kabla ya Uislamu. Wimbo wa zama za ujahili ulisikika ndani ya nyumba hiyo bila kutolewa nje.

Watu wa Unguja waliishi na hekima hii kabla ya kuhitaji kuieleza. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, kimekuwa kikitumbuiza katika jamii ambayo Ramadhani inapoingia ala hunyamaza, na Idi inapofika hutolewa tena, watoto wakiwa wamevaa nguo mpya. Jamii inayonyamazisha ala kwa mwezi mmoja na kuzirudisha siku ya sikukuu haijasema kwamba wimbo ni dhambi wala kwamba wimbo ni ibada. Imesema una wakati wake. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay tangu mwaka 1928, aliimba akiwa Mwislamu miongoni mwa Waislamu, na Shaaban Robert, mtu aliyeiweka dini na maadili mbele ya kila alichoandika, hakuona aibu kuuandika wasifu wa mwimbaji huyo.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka upande wa waliotubu wenyewe. Yapo mafundisho katika Hadithi kwamba anayeanzisha mwenendo mwema ana thawabu yake na mfano wa thawabu za wanaoufuata, na anayeanzisha mwenendo mbaya ana mzigo wake na mfano wa mizigo ya wanaoufuata. Mwimbaji mzee anayeamini hili hulala usiku akiwaza: nitakapokuwa kaburini, kuna mahali wimbo wangu utakuwa unapigwa, na mtu atakuwa anatenda dhambi kwa kuamshwa nao, na daftari langu halijafungwa. Hofu hii ni ya kuheshimiwa. Ni hofu ya mtu anayejua kwamba matendo yana miguu. Lakini yule anayeisoma nusu ya pili ya mafundisho haya lazima aisome na ya kwanza. Wimbo wa Remmy unaozungumza na mauti moja kwa moja, ukiulalamikia ukatili wake, umewakumbusha watu wangapi kwamba watakufa? Wimbo wa unyonge umemfanya mwenye nacho aone haya mara ngapi? Hatuwezi kuhesabu, na kwa kuwa hatuwezi, hatuna ruhusa ya kuandika upande mmoja tu wa daftari. Tena toba, kwa imani zote mbili, ina uwezo wa kumtenganisha mtu na mzigo wake. Anayesema Mungu amemsamehe mwimbaji lakini anaendelea kumwandikia dhambi kila kanda inapochezwa, ameifanya rehema kuwa ndogo kuliko kanda.

Bado kuna anayesema: mwimbaji mwenyewe amesema nyimbo zile ni za shetani, wewe msikilizaji unajua nini kumpita aliyezitunga? Nakiri kwamba anajua nisichokijua. Anajua alichokuwa akikitafuta alipotunga, nani alimlipa, nani alimwumiza. Yeye ni shahidi wa moyo wake, na ushahidi huo sina wa kuupinga. Lakini moyoni mwa aliyesikia hakuwamo. Mwanamke aliyesikia wimbo huo akiwa peke yake na mtoto mgonjwa, akapata maneno ya kuita dhiki yake, ni shahidi pia, na ushahidi wake haufutwi na mtu aliyekuwa studio. Augustino wa Hippo, katika Maungamo yake, anajuta kwamba alipokuwa mtoto alimlilia Dido wa kwenye shairi la Virgil wakati roho yake mwenyewe ilikuwa ikifa. Ni toba ya kweli, na iliyoandikwa kwa machozi. Lakini mtu huyohuyo, alipokuwa askofu na kuandika kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu, alimnukuu Virgil tena na tena. Alijuta namna alivyomsoma. Shairi hakulichoma, na tunashukuru, maana bila hilo kitabu chake kingekuwa maskini zaidi.

Deni la namna hii kanisa linalo mpaka leo, ingawa halilisemi. Muziki wa injili wa Marekani uliosambaa duniani umejengwa kwa sehemu kubwa na Thomas Dorsey, aliyekuwa mpiga piano wa blues, mtunzi wa nyimbo za kumbi za usiku zilizojaa utani wa chumbani. Mwaka 1932 mkewe alifariki akijifungua, na mtoto akafuata, na kutoka kwenye msiba huo akatunga wimbo wa sala ulioimbwa tangu hapo katika makanisa yasiyohesabika. Mwanzoni makanisa kadhaa ya Chicago yaliukataa muziki wake kwa sababu ulisikika kama blues. Yalisikia sawasawa, kwa kuwa ulikuwa blues. Huku kwetu nako, sikiliza kwaya na waimbaji wa injili wa leo: gita la solo linalochomoza baada ya ubeti wa pili, besi inayotembea, sehemu ya mwisho inayoharakisha ili watu wacheze, vyote vimetoka kwenye dansi la Dar na Kinshasa. Remmy alipoingia kwenye injili aliingia na vidole vilevile. Kama ufundi ule ulikuwa wa shetani, basi shetani ndiye aliyewafundisha wapigaji wetu wa madhabahuni, na sijasikia mchungaji aliye tayari kulisema hilo.

Kuna na suala la fedha, ambalo huonyesha upesi kama tunaamini tunachosema. Wimbo wa zamani ukitumiwa kwenye tangazo au ukapigwa redioni, sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na warithi wake. Anayeshikilia kwamba wimbo ni haramu inampasa aseme pia kwamba mjane asipokee mirabaha yake na yatima wasisomeshwe kwayo. Wachache watasema. Yusuf Islam, aliyejulikana kama Cat Stevens, alisilimu mwaka 1977, akaacha jukwaa na kuuza magita yake. Lakini mapato ya nyimbo zake za kale yaliendelea kuja, naye akayaelekeza kwenye misaada na elimu, pamoja na shule aliyoianzisha London mwaka 1983. Mwaka 2006 alitoa tena albamu ya kawaida, akiwa Mwislamu kama alivyokuwa. Wapo Waislamu wasiokubaliana na kurudi kwake, na wana haki. Ila watoto waliojifunza kusoma Kurani katika shule iliyoinuliwa kwa fedha za nyimbo hizo wanaifanya ile kauli ya "zizikwe" kuwa ngumu kutamka.

Wimbo unaoijaribu hoja yangu kuliko nyingine zote ni Mambo kwa Soksi, ambao Remmy aliuimba ukimwi ulipokuwa ukifagia nyumba kwa nyumba, akiwahimiza watu kutumia kondomu. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Muumini mwaminifu anaweza kusema kwamba ushauri ule uliirahisisha zinaa, na siwezi kumwambia hana dini. Hapa kanuni yangu hainipi jibu jepesi, kwa sababu ni lazima nihesabu na wale ambao labda walijiona wako salama wakaendelea na waliyokuwa wakiyafanya. Lakini ninapohesabu, naweka pia waliobaki hai, na watoto wao waliobaki na mzazi, katika miaka ambayo kumbi nyingi na mimbari nyingi zilikuwa zikilitaja gonjwa lile kwa kunong'ona au kwa laana. Mtu mmoja alipanda jukwaani akalisema kwa sauti, kwa lugha ambayo konda na mama lishe waliielewa, na akakubali kuitwa mchafu. Kwangu mimi wimbo huo una nafasi upande wa mema, na nitalisema hilo hata mbele ya mchungaji aliyembatiza.

Basi anayeokoka leo akitaka kuacha kuimba, aache. Sauti ni yake, na hakuna shabiki mwenye haki ya kumdai usiku mwingine mmoja. Akitaka kuombea msamaha kila mstari aliotunga, hilo ni kati yake na Mola wake. Nisilolikubali ni desturi ya kumsimamisha mbele ya mkutano, bado mgeni katika imani na pengine mgonjwa, na kumtaka azilaani nyimbo zake moja baada ya nyingine ndipo aaminiwe kwamba ameokoka. Kanisa linalodai hivyo linamtaka atoe ushahidi juu ya mioyo ya watu ambao hajawahi kuwaona, na baadhi yao wameketi humohumo ndani, safu ya tatu au ya nne, wakiwa wameufikia mlango wa kanisa kwa kuanzia na wimbo wake juu ya kifo.